Meli Iliyoandikwa "Ya Baba"

Vijana, mmenichosha na simu zenu. Kila anayefika hapa kwangu Magwagwa anataka nishike randa yangu ya zamani anipige picha, halafu ananiuliza siri ya kazi. Sina siri. Nilikuwa seremala kando ya barabara pale Keroka tangu sijaota ndevu hadi mgongo uliponigomea. Nimetengeneza vitanda, makabati, viti vya kanisa, na majeneza ambayo sikuwahi kuyahesabu. Lakini nikikaa peke yangu nikifikiria nilichobakisha, sioni kitanda hata kimoja. Naona meli. Ile ile mliyoiona ikizunguka kwenye simu zenu, ya milingoti mitatu, mkasema Fundi Ondieki ni noma. Mngejua nilichomfanyia mtu kwa sababu ya meli hiyo, mngeifuta picha.

Basi leo nitasema. Habari ya kazi nitawaeleza vizuri, maana kazi haina kosa. Mwenye kosa ni mimi.

Aliyeniletea ile meli ni Mama Makori, mchuma majani chai wa upande huu wetu wa Nyamira. Aliingia karakana asubuhi na boksi kichwani, limefungwa kwa leso. Tuliongea Kigusii, ila nawaandikia kwa Kiswahili ili hata wasio wa kwetu waelewe.

"Fundi, unaweza kujenga meli?"

"Meli ya kwenda wapi, omong'ina? Huku hata mto wa kutosha bata hatuna."

Hakucheka. Makori alikuwa mwanawe wa pekee, mpishi katika meli ya mizigo huko ng'ambo. Kila mtu alikuwa amesikia kwamba kijana alianguka baharini na hakuonekana tena, na kwamba kilichorudi nyumbani ni begi la nguo. Hata mimi nilikuwa nimesikia, na bado nikafanya mzaha. Huu mdomo wangu umeniponza maisha yote, na hapo ulikuwa bado haujamaliza.

Boksi lile Makori alikuja nalo likizo yake ya mwisho. Ndani mlikuwa na meli ya kivita ya zamani, ya mbao, ya matanga na mizinga, ila haijajengwa. Ni vipande tu vimepangwa, unavikata, unavipinda, unavigundisha mwenyewe. Wazungu huzijenga kwa kujifurahisha. Makori alimwambia mama yake, "Liweke, usilifungue, nikirudi nitaeleza." Akalifunga kwa selotepu, na juu ya mfuniko akaandika kwa kalamu nene maneno mawili: YA BABA.

Kama wewe si Mgusii, nisikilize hapa. Kwa Kiswahili baba ni baba. Kwa Kigusii baba ni mama. Baba mzazi sisi tunamwita tata. Na hiyo "ya" ni "ya" kwa lugha zote mbili. Kwa hiyo maneno yale yangeweza kusema meli ni ya mama, na yangeweza kusema ni ya mzee, na aliyeyaandika hayupo wa kuulizwa.

Mama Makori hakuwa na shaka yoyote. "Ni yangu," alisema. "Baba ni mimi. Huyo mzee wake si alimfukuza?"

Mzee wake ni Oseko, muuza mitumba pale soko la Daraja Mbili, mjini Kisii. Walikuwa wametengana miaka mingi, mama akabaki shambani, mzee akakaa mjini na kijana kwa ajili ya shule. Makori aliposema anakwenda kufanya kazi melini, Oseko alimwambia mbele ya watu, "Ukienda huko majini, usinihesabu tena kama baba yako." Kijana akaenda. Hawakuongea tena hadi habari ilipofika.

Mama hakutaka meli ya kuweka sebuleni. Alitaka kuizika. Wazee walikuwa wamemshauri kwamba mtu asiyepatikana huzikiwa shina la mgomba badala yake, na alikataa katakata.

"Mgomba ninakatia ng'ombe kila siku," aliniambia. "Mtoto wangu hatakuwa chakula ya ng'ombe. Nijengee hii, nizike kitu alishika na mkono yake. Nipate mahali ya kupalilia."

Nilikubali. Nani angekataa?

Sasa kazi yenyewe. Kijitabu cha maelekezo kilikuwa kwa lugha ambayo hata mwalimu mkuu wa jirani hakuitambua, kwa hiyo nilifuata picha. Unaanza na ubao mrefu wa katikati, nikauita uti wa mgongo. Juu yake unapachika mbavu. Hapo msiharakishe. Uti ukipinda kidogo tu, meli nzima itatembea kama mtu mwenye mguu mfupi. Niliinua uti wangu mlangoni kwenye mwanga, nikafumba jicho moja, nikaona umepinda, nikaulaza chini ya mawe siku tatu kabla sijagusa gundi. Leo mna mashine zinazokata kila kitu sawa na kompyuta, na jicho lenu halijui tena mstari ulionyooka. Mtanisamehe, lakini nimeona viti vyenu.

Kisha kuna mbao nyembamba za kufunika mbavu, nyembamba kama rula ya shule. Hazipindi kavu, zinakatika. Nilizipitisha juu ya mvuke wa sufuria ya mke wangu, Bosibori, akichemsha ndizi. "Leo tunakula ndizi ama tunakula meli?" alikuwa akiniuliza. Mbao zikilainika unazishika mahali pake kwa vibanio vya nguo. Nilinunua vibanio vingi hadi mwenye duka akaniuliza kama nimefungua dobi. Na weka mbao moja upande huu, moja upande ule, kwa zamu. Ukimaliza upande mmoja kwanza, gundi ikikauka itavuta mwili wote, na hutaunyoosha tena.

Nilikosea, na nilikosea kosa ambalo Mzungu hawezi kulifanya. Vipande vya ubavuni vilikuwa na alama ya kulia na ya kushoto. Kulia kwa meli ni kulia kwa mtu aliyesimama nyuma akitazama mbele. Lakini mimi ni fundi wa majeneza, nimehudhuria mazishi mengi kuliko harusi, na kwetu mwanamume huzikwa upande wa kulia wa nyumba, na kulia kwa nyumba ni kulia kwa mtu aliye ndani akitazama nje mlangoni. Sasa nyuma ya meli ile palikuwa na safu ya madirisha na kibaraza kidogo, sura kamili ya mbele ya nyumba. Nikajiweka ndani kwa akili, nikatazama nje kwa yale madirisha, nikahesabu kulia kwangu. Nikabandika kila kitu kinyume! Matundu ya mizinga yakaangukia juu ya mbavu. Nilikaa chini kwenye vumbi la mbao nikajitukana kwa lugha tatu.

Aliyeniokoa ni Mama Makori bila kujua. Alikuja siku ileile kuangalia, akaona mizinga mezani.

"Hii ni nini?"

"Ni mizinga. Ni meli ya vita."

"Mzee wa kanisa ataombea bunduki? Toa. Na hayo mashimo uzibe."

Nikaziba kwa vibao vya mti wa mukima, nikavipaka mafuta vikang'aa, nikajifanya ndivyo nilivyopanga. Kisha akamwona yule mwanamke wa kuchongwa anayekaa mbele kabisa puani mwa meli, kifua wazi.

"Na huyu? Mtoto wangu alale na huyu?"

Nilimng'oa. Badala yake nilichonga majani mawili na chipukizi la chai, kama anavyochuma yeye kila siku. Alipoyaona aliyagusa kwa kidole, akasema "mbuya mono," yaani vizuri sana, akaanza kulia. Nikafurahi moyoni kama fundi anayesifiwa. Kiswahili kinaita tanga yakiwa mengi matanga, na sisi huku neno hilo tunalijua kwa maana nyingine, ya kilio cha msiba. Niliyakunja yote na kuyafunga, kwa sababu mama alisema safari imekwisha.

Hapo nimewaeleza yale niliyoyafanya vizuri. Sasa nije kwenye ile kadibodi.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Nyang'au, ambaye Keroka yote ilimwogopa. Hakukuruhusu kugusa ubao kabla hujakata umbo lake kwenye kadibodi. Hiyo ndiyo pateni. "Ubao ukikosea imekula kwako," alikuwa akisema, na kama ulikata ubao bila pateni, alikupiga vidole kwa rula ya chuma. Mwaka wangu wa kwanza nilikata kadibodi tu. Mikono yangu ikazoea. Nikiona boksi tupu mahali popote, hata kwa mtu, najua tayari nitakata nini humo.

Siku ya kwanza nilipofungua boksi la Makori, niliinua mfuniko nikaona kwamba ndani yake pameandikwa. Ni mwandiko wa kalamu ya wino, mistari mitano au sita, herufi ndogo. Niliona. Sitawadanganya kwamba sikuona. Miwani yangu ilikuwa nyumbani, na zile mbao zilikuwa zinanukia, na mimi nilikuwa na hamu ya kuzishika. Nikasema nitasoma baadaye. Nikauegemeza mfuniko ukutani.

Wiki zikapita. Mazishi yalipangwa Jumapili, mama akaongeza hiki na kile, nami nikahitaji pateni za vibao vya kuzibia, za yale majani ya chai, na za kitako cha kuilaza meli ndani ya jeneza dogo. Kadibodi ya mfuniko ule ilikuwa nene na safi. Nikaichukua nikakata. Mkono ulikata, vijana, kichwa hakikuwepo. Mabaki yaliwasha moto wa kuyeyushia gundi.

Siku mbili kabla ya mazishi, Oseko alikuja kutoka mjini. Alisimama mlangoni na koti zito, jua likiwaka, akaitazama meli muda mrefu bila kuigusa.

"Fundi, nimesikia kuna kitu mtoto aliandika."

"Aliandika YA BABA."

"Nionyeshe."

"Ule mfuniko haupo, Mzee. Ulichakaa."

Akakaa kwenye stuli. "Mimi sijakuja kupigania meli," alisema. "Mama yake azike. Lakini mjini huyo kijana alikuwa ananiita baba. Shule ilimzoesha. Tata alikuwa anasema tu tukienda nyumbani. Sasa nataka kujua kama ni mimi. Nilimwambia asinihesabu, wewe unajua, kila mtu anajua. Kama aliandika baba na ni mimi, basi alinihesabu. Ni hiyo tu nataka."

Nilianza kupangusa vumbi la mbao mezani.

"Hakuandika ingine? Hata ndani?"

Hapo ndipo ile mistari ilinirudia, kama mtu amenimwagia maji baridi. Ningesema nini? Fundi wa umri ule, anayesifiwa kutoka Keroka hadi Kisii, nimwambie nilikata maandishi ya marehemu bila kuyasoma? Palikuwa na mafundi wengine wawili pale wakisikiliza. Niliona haya. Hicho ndicho kilichonishika, haya tu, si kitu kikubwa.

"Hakuna," nilisema.

Ningeishia hapo ingekuwa nafuu. Lakini alikuwa bado ananitazama, nami nilitaka aondoke. Nikaongeza, "Hicho ni Kigusii, Mzee. Ni ya mama."

Alishika ukingo wa meza yangu akainuka polepole. "Sawa," alisema. "Asante kwa kuniambia ukweli."

Jumapili tuliizika meli upande wa kulia wa nyumba ya mama yake, kulia kwenyewe, hapo sikukosea. Watu walipiga picha kabla ya jeneza kufungwa, ndizo hizo mlizonazo. Oseko alisimama nje ya ua pamoja na majirani. Mtu alimwita asogee kwa familia, akatikisa kichwa. Mimi niliona, nikaangalia pembeni.

Miaka michache baadaye mgongo ukanishinda nikafunga karakana. Bosibori alinisaidia kutoa vitu. Nilikuwa na gunia la pateni limening'inia kwenye msumari, zile nilizoona zina mkunjo mzuri wa kurudia, na nikaanza kuzitupa moja moja. Ya kitako cha meli ilitoka, saizi ya kiganja hivi, imekatwa kwa mviringo. Niliigeuza. Safari hii nilikuwa na miwani.

Nilisoma nikasoma tena. Bosibori aliniuliza kama nimeumwa na kitu. Nilimpa naye akasoma, akaweka mkono mdomoni, kisha akasema neno moja tu: "Mpelekee."

Sikumpelekea. Nilikaa nayo mwaka mzima ndani ya Biblia, aibu juu ya aibu. Nilijipa sababu. Nilijiambia kwamba mama ana kaburi lake, kila Jumapili analipalilia, ameotesha maua, na nikisema meli haikuwa yake nitakuwa nimemzika mtoto wake vibaya. Nilijiambia kwamba Oseko amezoea. Nilikuwa nikienda Daraja Mbili kununua ndizi, ananipungia mkono kutoka kwenye rundo lake la makoti, "Fundi!", nami napunga, napita upesi. Hakuna siku niliyopita pale nikiwa na amani. Mnaniuliza kazi inafundisha nini. Mimi ilinifundisha kukata vizuri, na nimekata vizuri maisha yangu yote.

Mwezi uliopita nilikwenda. Sijui ni nini kilinisukuma, labda ni kwamba nilisikia anaumwa. Nilimkuta kwenye kibanda chake katikati ya kelele za soko, amekonda, akipanga sweta za watoto. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama: mfuniko, pateni, uongo. Nilitarajia anitukane. Nilitaka anitukane.

Alinyoosha mkono, nikampa kile kipande. Akakisogeza karibu na uso, akakisogeza mbali, akanirudishia.

"Macho haioni wino kidogo hivi. Nisomee."

Nikamsomea: "'...kila nikinyoa ndevu huku nakumbuka ulivyonishika kidevu ukaniambia nisiogope wembe. Baba, sina hasira na wewe tena. Nikirudi nita...'"

Nikateremsha kile kipande. Mama mmoja alikuwa ameinua sweta akiuliza bei. Oseko alimwonyesha kwa mkono asubiri. Alikuwa ameinama, sikio limeelekea kwangu.

"Endelea, Fundi."

Nikamwambia hapo ndipo panapoishia. Nikamwambia kisu changu kilipita hapo, yaliyobaki niliyachoma bila kujua. Nilimwambia kwa sauti, maana soko lilikuwa na kelele. Sijui kama alisikia. Alivuta stuli yake karibu yangu zaidi, akafumba macho.

"Nasikia," alisema. "Endelea tu."